Mkono wa Beki

Siku ya kuniaga, Mudiri wa timu alinishika bega mbele ya watu akaniambia, "Nassor, waambie vijana maneno mawili kuhusu subira." Nikasimama. Nikasema, "Ahsanteni kwa kuja, halua ile pale, karibuni." Nikakaa. Watu wakacheka, wakadhani nna haya. Sina haya hata chembe. Nilikuwa na hasira, na Kiarabu changu, baada ya miaka yote hii Maskati, kikipandwa na hasira kinarudi Unguja mbio.

Basi maneno yenyewe nnayaandika hapa, kwa lugha ya mama yangu, kwa ajili yenu nyinyi mabeki mnaobaki. Nusu yenu mtajisomea, nusu mtasomewa na mama zenu. Anayetaka kujua nani alipandishwa cheo na nani alikaa kiti cha mbele akaulize ofisini. Mie ntasema ya uwanjani tu, na ntayasema yalivyokuwa.

Mpira wa magongo nilifunzwa na Ami Khalfan, ndugu wa baba yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na Ami ndiye aliyetushika mkono mie na mama tulipohama Unguja. Huko Unguja Ami alikuwa beki, na kwa masimulizi yake mwenyewe hakukuwa na beki mwengine kisiwani. Mama akipenda kumtania kwamba watu walikimbia na dhahabu zao, yeye akakimbia na gongo. Kila Alkhamisi laasiri, kwenye uwanda wa changarawe nyuma ya nyumba zetu Mawaleh, wazee wa Kizinjibari na watoto wao tulikuwa tukicheza. Ami alikuwa beki, kocha na refa kwa pamoja, na akionewa alijipulizia filimbi mwenyewe.

Alinifunza mambo mawili. La kwanza ni mkono. Changarawe huurusha mpira vibaya, kwa hivyo ukija unainama, unaufunika kwa kiganja cha kushoto mpaka ufe pale pale, ndipo unapiga. La pili, na hili ndilo alilolipenda kuliko wanawe, ni hatua. Mabeki mnakaa msitari mmoja. Mnamsubiri yule mwenye mpira ainue gongo kutoa pasi, na kabla gongo halijashuka mnapiga hatua mbele, pamoja, na wewe wa mwisho unanyanyua mkono juu refa akuone. Mshambuliaji anabaki nyuma yenu peke yake na kipa, kaduwaa. Ameotea. Hujakimbia, hujamgusa mtu, na shambulizi lote limekufa. Ukiwahi mno, mshambuliaji anakuona naye anasogea na wewe. Ukichelewa, anakupita. Ni pumzi moja tu ya kuamua, na Ami akituzoeza hiyo pumzi mpaka jua linazama.

"Mpira ukikupiga mwilini," akitwambia, "jua ulichelewa. Nenda kamwombe radhi kipa wako."

Mie sikutaka kitu chengine duniani ila kuchaguliwa timu ya Idara. Klabu za mitaani ulikuwa ukicheza kwa mapenzi yako, ukirudi nyumbani unajinunulia maji mwenyewe. Idara, kwa kuwa ni ya serikali, ilikuwa ikiajiri. Ukichukuliwa, kucheza ndiyo kazi yako, asubuhi unaamka unakwenda mazoezini kama wengine wanavyokwenda wizarani. Na mie nilitaka nichukuliwe nikiwa beki, na Ami Khalfan akiwa ukingoni anatizama.

Majaribio yalikuwa kila mwaka joto likianza kupungua. Mwisho wake hakuna jina lililosomwa. Mlikaa chini ukingoni mwa uwanja, mtunza vifaa akapita na kapu, na aliyechaguliwa akatupiwa mapajani jozi ya soksi ndefu nyekundu. Asiyetupiwa alinyanyuka, akajipangusa, akaenda zake. Ndiyo maana hatukuwa tukisema fulani kachaguliwa. Tulisema fulani kapewa soksi.

Mara ya kwanza kwenda majaribio ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka skuli, mchana nikiuza vipuri vya magari Ruwi. Nilifika na gongo langu limepakwa mafuta, nywele zangu pia zimepakwa mafuta, kwa mkono wa mama. Kocha alikuwa Mpakistani, tukimwita Kocha Rafiq, mwenye Kiarabu cha kuamrisha tu. Akaniweka beki wa kulia. Mpira wa kwanza ukaja kwa kasi, mzuri, mnyoofu, na mie nikafanya kile nilichofunzwa tangu utotoni. Nikainama nikausimamisha kwa mkono.

Filimbi ikalia. Nikadhani refa kaona faulo ya mwenzangu. Nikapiga mpira kwenda mbele, nikarudi nafasi yangu. Kumbe uwanja mzima umesimama unanitizama. Kisha kicheko kikaanza langoni, kikaenda mpaka lango la pili, kikarudi. Mmoja akanyanyua mikono akajifanya golikipa wa kandanda. Kocha Rafiq akanijia taratibu, kama mtu anayemkaribia mgonjwa.

"Nani kakufunza hivyo?"

"Ami yangu."

"Ami yako alicheza lini mara ya mwisho?"

Sheria hiyo ya mkono ilikuwa imefutwa zamani, nami nikiwa bado mtoto. Dunia nzima inajua. Hatukujua sisi wa uwanda wa Mawaleh, kwa sababu mpira wetu ulipakiwa Unguja pamoja na masanduku, na hakuna aliyetwambia kwamba huku nyuma watu waliendelea. Ami aliondoka na sheria alizokuwa nazo, akazitunza vile vile alivyotunza funguo za nyumba yake ya Malindi, kule Unguja.

Nikarudi nyumbani nikamwambia. Loo! Alighadhibika, tena si na mie.

"Wamefuta? Wamefuta lini?"

"Zamani, Ami."

"Nani kaulizwa?"

"Sijui, Ami."

"Mie mbona sikuulizwa?"

Mama akageuza uso kwenye sufuria asicheke. Ami akatoka nje, akakaa barazani peke yake mpaka magharibi. Kesho yake akaingia na leso ya mama, nzuri, ya kutokea, akaichana kipande. Mama akapiga ukelele. Ami hakumjali. Akanifunga mkono wa kushoto juu kabisa ya gongo, akakaza fundo kwa meno, akasema, "Haya. Wanataka ubaki huko, utabaki huko." Nilicheza nimefungwa hivyo miezi mingi. Watoto wa jirani wakiniita mgonjwa. Lakini mkono uliacha, na Ami, mtu aliyekuwa hasikii la mtu, alikubali sheria ya watu ili mie nipewe soksi.

Mwaka wa pili sikupewa. Wa tatu sikupewa. Niseme haki, sikustahiki mwaka wa pili. Uwanja wa Idara ulikuwa wa zulia la nyasi bandia, na mie nilikuwa mtu wa changarawe. Kwenye changarawe unaungoja mpira uruke, macho juu. Kwenye zulia hauruki, unakuja umelala chini kama nyoka, na beki asiyeinamisha magoti unampita chini ya gongo. Tena zulia lile humwagiwa maji kabla ya mechi, na jua letu likayanyonya yote kabla ya mapumziko. Kwa hivyo kila mechi ina viwanja viwili: cha mwanzo mpira unakimbia, cha mwisho unagoma. Andikeni hilo vichwani mwenu. Na ukianguka kwenye cha mwisho, unaacha ngozi ya goti pale pale.

Haya niliyajua kwa kujipeleka. Jioni baada ya duka nikienda mazoezini kwao, nikikaa ukingoni, na timu ikipungua mtu nikiitwa kujazia. Nilijazia miaka. Wao wana soksi nyekundu, mie soksi zangu nyeusi za skuli. Gongo langu lilikuwa la mti, la Sialkot kule Pakistani, si haya yenu ya kaboni mnayoyaacha garini yakapikika mchana kutwa na hayadhuriki. La mti ukiliacha garini Maskati, gundi inalainika na mpini unapinda. Langu lililala chini ya kitanda changu, likipakwa mafuta ya kitani, na mpini nimeuzungushia mpira wa ndani wa tairi la baskeli. Ukivuja jasho, hautelezi.

Rafiki yangu pale alikuwa Hilal, golikipa. Watu wake ni Waomani wa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa kikimchekesha mama yangu mpaka machozi. Siku moja Kocha Rafiq alinipiga mgongoni akasema, "Nassor, wewe mzuri sana. Njoo mwakani." Nikafurahi. Hilal akasubiri kocha aondoke.

"Wewe usifurahi," akasema. "Hapa ukiambiwa mzuri ujue umekosa. Mimi hajawahi kuniambia mzuri hata siku moja, na mshahara naupata."

Ilikuwa kweli. Soksi za mabeki zilikuwa zikienda kwa watu wenye watu. Huyu ami yake yuko wizarani, yule baba yake anacheza karata na Mudiri. Sisemi walikuwa wabovu. Wengine walikuwa wazuri kuliko mie. Nnasema tu kwamba mbovu mwenye mtu alipewa mwaka mmoja ajirekebishe, na mie nilipewa mwakani.

Lakini hatua waliiona. Hilo halikufichika. Nikijazia, msitari wa nyuma ulikuwa ukinifuata mie, hata wenye soksi. Nikinyanyua mkono, washambuliaji wa timu nzima wananaswa mara moja. Walikuwa wakinitukana kwa lugha zote za Ghuba. Na mwishowe Kocha Rafiq akaniita pembeni, akanambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwaka huu, insha'Allah, msitari nautengeneza juu yako." Hakuniambia mzuri. Nikajua hii ya kweli.

Nikaenda kwa Ami mbio. Akanambia nimrudie kusema. Nikarudia. Akaniuliza, "Kakwambia juu yako, au kakwambia na wewe?" Nikamwambia juu yangu. Akaagiza dishdasha mpya kwa fundi, ya kuvaa siku ya mechi.

Wiki ya majaribio Kocha Rafiq alitukusanya akatusomea khabari iliyotoka kwa wakubwa wa mchezo huko duniani. Kuotea kumefutwa. Kuanzia sasa mshambuliaji anaweza kusimama popote anapotaka. Washambuliaji wakaruka wakakumbatiana kama wameshinda kombe. Mie nilikaa chini kwenye zulia bichi, maji yakaniingia mpaka kwenye suruali, sikunyanyuka. Mtunza vifaa akapita na kapu lake siku ile, akanipita.

Jioni nikamkuta Ami anajaribu dishdasha, fundi kaileta. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni.

"Sasa mtu atakaa popote?"

"Popote, Ami."

"Hata mgongoni mwa kipa?"

"Hata hapo."

Akaivua dishdasha taratibu, akaikunja, akamrejeshea mama. "Basi huo mnada," akasema. "Si mchezo." Akatizama mkono wangu wa kulia, ule wa kunyanyua, akatizama na wa kushoto aliokuwa akiufunga. Mie nilitamani anitukane.

Nikaacha. Gongo nikaliweka juu ya kabati, na nikauza vipuri. Watu wakija kununua pedi za breki nikiwauzia pedi za breki, khalas. Nilimchukia kila mtu. Niliwachukia wenye soksi, niliwachukia wale wakubwa wa mchezo nisiowajua hata sura, na nikakhofia kuanza kumchukia Ami.

Hilal ndiye aliyekuja dukani, mwisho mwisho wa miaka hiyo ya tisini. Akasimama mbele ya kaunta akijifanya anatafuta kioo cha gari.

"Kocha anakuita," akasema.

"Kunambia mzuri?"

"Hapana. Ana shida na kona fupi. Yule aliyekuwa anatoka kwanza amevunjika taya."

Nyinyi mnaijua kona fupi, lakini wapo watakaosoma hawaijui. Faulo ikitokea karibu na goli, wapinzani wanapewa mpira kwenye msitari wa mwisho. Mabeki wachache na kipa wanakaa ndani ya goli. Mpira unasukumwa nje mpaka ukingo wa nusu duara, mmoja anausimamisha, mwengine anaufyatua golini kwa nguvu zake zote. Na mpira wetu, kwa asiyewahi kuushika, ni mgumu kama jiwe. Beki mmoja lazima atoke golini mbio amwendee yule anayefyatua, afike kabla, na kama hakuwahi basi mwili wake uwe njiani. Huyo ndiye anayetoka kwanza. Kila timu ina mmoja, na hakuna anayeitaka kazi hiyo.

Nilikwenda. Kocha Rafiq akanionyesha pa kukimbilia, na siku hiyo hiyo, bila kapu wala majaribio, akachukua soksi mwenyewe akaniwekea mkononi. Miaka yote ile nikizingoja zinianguke mapajani, zikaja hivyo. Lakini wallahi nilifurahi. Nilizipeleka nyumbani nimeziweka ndani ya shati. Mama akazifua ijapokuwa mpya, akazianika kamba ya mbele, upande wa njiani, na jirani akipita anamwita aje azione.

"Beki wa upande gani?" Ami akauliza.

"Wa kulia."

"Kama mie." Akajifanya anatafuta miwani, na miwani iko usoni.

Mechi ya kwanza alikuja. Alivaa dishdasha ile ile iliyokunjwa, akaja na kiti chake mwenyewe, akakiweka ukingoni usawa wa msitari wa mabeki, ndipo alipozoea kusimama. Nilikuwa nikimwona kwa pembe ya jicho. Mwanzoni aliufuata mchezo kwa kichwa, kulia kushoto. Kisha akaanza kuuliza watu. Mshambuliaji wao alikuwa amesimama karibu na Hilal anamkanyaga vidole, na Ami akimwonyesha refa kwa bakora, "Ameotea! Ameotea huyo!" na refa anapita. Watu wa pembeni wakamfahamisha kwa heshima. Akailaza bakora mapajani.

Ndipo ikaja kona fupi. Nikatoka. Nilifika karibu sana, lakini sikuwahi, na mpira ukanipiga mdomoni. Nilisikia meno kabla sijasikia uchungu. Goli halikuingia. Wenzangu wakanijia mbio wananipiga mgongo, "Bravo Nassor, bravo!" na mie natema damu kwenye zulia. Wakanikalisha benchi na barafu kwenye kitambaa.

Nikamwona Ami anakuja, kiti chake kwapani.

"Nassor. Vua soksi hizo twende zetu."

"Ami, mechi haijesha."

"Nnaona haijesha. Nakwambia vua."

"Ami, nimechaguliwa." Maneno yalikuwa yakitoka na damu.

"Umechaguliwa?" Akanitizama mdomo muda mrefu. "Ukuta huchaguliwa? Mie nilikufunza mpira usikuguse. Hawa wamekuweka ukuguse." Akamgeukia Kocha Rafiq aliyekuwa pembeni yetu, akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Huyu mtoto wa watu! Huyu ana wenyewe!"

Sikuvua. Akanisubiri, kisha akaondoka na kiti chake, dishdasha ikiburura vumbi la mlangoni. Hakuja tena uwanjani maisha yake.

Siku kadhaa baadaye, nimeshonwa, nilimwuliza Kocha Rafiq kwa nini mie. Kwa nini si mwaka ule nilipokuwa beki, na kwa nini sasa. Alinijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia bei ya mkate.

"Wenzako wakivunjika meno, jioni simu yangu inalia. Baba, ami, mtu wa wizarani. Wewe nani ataniuliza?"

Ami alikuwa ameshamwuliza, tena mbele ya uso wake. Ila alimwuliza kwa Kiswahili.

Mtauliza kwa nini nilibaki. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimezitafuta soksi zile muda mrefu hata sikujua kufanya kitu chengine. Na ukishakuwa na kazi unataka uifanye vizuri, hata ikiwa kazi yenyewe ni kupigwa. Basi haya ndiyo niliyoyajua, yachukueni. Usitoke wima, toka umeinama, kwa sababu mtu mfupi hupigwa pachache. Kimbia upande wa gongo lake, si katikati, kipa aone mpira. Gongo liwe chini tangu hatua ya mwanzo; ukilishusha mwisho umeshachelewa. Usifumbe macho. Kila anayetoka kwanza hufumba, na anayefumba hugeuza uso, na anayegeuza uso hupigwa sikioni, na sikio ni baya kuliko meno. Walipokuja wafyatuaji wapya, miaka ya elfu mbili, wale wanaoukokota mpira kisha wakaurusha juu, ilibidi nijifunze upya yote, na goti langu la kushoto ndilo lililolipa ada.

Ami hakuzungumza nami tena khabari za mpira. Siku za mechi alikuwa akikaa barazani, na mama akinambia alikuwa akiuliza neno moja tu, "Karudi mzima?" Akishaambiwa ndiyo, analala. Alifariki mie nikiwa kambini. Nilirudi nikakuta wameshamzika. Kwenye mambo yake tulikuta gongo lake, limepakwa mafuta, na fundo la leso ya mama bado limefungwa kwenye mpini wa langu la zamani alilolishusha kutoka juu ya kabati. Lilikuwa safi. Alikuwa akilitunza yeye.

Mwaka huu goti limekataa kabisa, na daktari wa Idara kasema basi. Barakoa za kukinga uso zimeletwa stoo msimu huu huu, moja kwa kila anayetoka kwenye kona. Nilipokwenda kurejesha vifaa vyangu nilijaribu moja. Ilinikaa sawasawa. Nikaivua nikaiweka kwenye rafu, na mtunza vifaa akajifanya anahesabu mipira.

Sasa nikwambieni kwa nini siku ya kuniaga nilikuwa na hasira, kwa sababu mlikuwapo na hamkujua mlichokiona.

Mlinipangia mechi ya kuniaga. Goti limefungwa, nimesimama beki wa kulia, na mkakubaliana tusitoe kona fupi, heshima kwangu. Nikasimama tu, mpira unapita mbali. Kisha mwenye mpira akatokea katikati, na mshambuliaji wenu kasimama kushoto kwangu, mzembe, mikono kiunoni. Yule wa katikati akanyanyua gongo. Sikufikiri kitu. Mguu wenyewe ulikwenda. Nikapiga hatua mbele kabla gongo halijashuka, na mkono wangu wa kulia ukapanda juu.

Mechi ikaendelea. Mshambuliaji akaupokea mpira peke yake na kipa, akafunga. Refa akaonyesha katikati. Na mie bado nimesimama na mkono juu.

Mkacheka. Kicheko kilianza langoni kikaenda mpaka lango la pili, nami nilikijua, nilikwisha kukisikia. Mmoja wenu, nnamjua na simtaji, akapiga kelele, "Ami Nassor, unaita teksi?" Hata Mudiri alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya masari, kilemba chake. Nikatizama ukingoni, usawa wa msitari wa mabeki. Palikuwa na katoni za maji.

Sikuwahi mno na sikuchelewa. Hakuna mpira ulionigusa. Yule kijana alibaki nyuma yangu, wazi, kabla pasi haijatoka. Katika miaka yote niliyovaa soksi zenu, hiyo ndiyo mara moja niliyocheza beki, na aliyeweza kuiona yuko makaburini.

Kisha Mudiri akanishika bega akataka nikwambieni kuhusu subira.

Nnakwambieni hili tu, na mkitaka muulize yeyote aliyecheza zamani. Mtoto yule alikuwa ameotea.